Salamu za Iringa na Mbeya Katika Tafsiri

Mmalagasi akihesabu nane husema valo, na mtu wa Hawaii husema walu. Mbingu kwa wa kwanza ni lanitra, kwa wa pili ni lani. Bahari kuu mbili zawatenga, walakini lugha zao zatoka katika shina moja. Hata hivyo wakiamkiana udugu huo hauwafai kitu. Mmalagasi husema manao ahoana, yaani huuliza mtu afanyavyo. Wa Hawaii husema aloha, neno ambalo ndilo pia jina la mapenzi. Kuyaona mambo hayo si lazima kuvuka bahari. Yatosha kutoka Iringa kwenda Mbeya.

Kihehe cha Iringa na Kinyakyusa cha Rungwe, kusini ya mji wa Mbeya, zote ni lugha za Kibantu. Mtu ni munu kwa Mhehe na umundu kwa Mnyakyusa. Watu ni vanu, na abandu. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu alikitia Kihehe katika kundi la G na Kinyakyusa katika kundi la M, lakini mpango huo haukuuvunja udugu wao. Shida huanza mlangoni. Mnyakyusa huamkia Ughonile, na kwa watu wengi Mughonile. Shina la neno ni kulala, na husikika hata jua likiwa limepanda. Mfasiri akilitoa neno kwa neno adhuhuri, aulizwaye atajitetea kwamba hakulala, alikuwa shambani! Tena kuna ndaga, ambalo ni shukrani na pia ni salamu. Kiswahili chatumia maneno mawili, na mfasiri hana budi kuchagua.

Kiswahili kilikuja kuwa mkalimani wa nyanda hizi kwa njia isiyo ya upole. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na Wamoravian walifika Unyakyusa. Mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Kalenga ilianguka mwaka 1894. Utawala wa Wajerumani ulitumia Kiswahili katika kazi zake, na Waingereza wakafuata. Baadaye dhahabu ya Lupa na mashamba ya chai ya Mufindi yaliwakusanya watu wa makabila mengi, na waliohitaji kuamkiana kila asubuhi hawakungoja kamusi.

Faida hiyo ina gharama yake, na ni ndani ya kamwene ionekanapo wazi. Mhehe asema kamwene, naye hujibiwa kamwene. Neno ni lile lile kwenda na kurudi; heshima huletwa na neno la ukoo linalofuata, au na kuinama kwake aamkiaye. Shikamoo ya pwani, kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni kushika miguu, nayo haijibiwi kwa shikamoo bali kwa marahaba: mdogo na mkubwa wamekwisha kutengwa kabla ya habari kuulizwa. Aandikaye shikamoo mahali pa kamwene amepanga vyeo ambavyo neno lenyewe halikuvipanga. Akiandika hujambo, mzee wa pwani atamwona mtoto wa Kihehe kuwa hana adabu. Walio wengi huandika shikamoo.