Maganda ya Risasi za Zamani: Namna ya Kuyatambua

Katika mashamba yetu, jembe linatoa mara nyingi maganda ya risasi yenye kutu ya kijani. Wengi wanayauza kwa kilo kwa wanunuzi wa shaba. Sisi tunasema: kabla ya kuuza, tuyasome kwanza.

Tujue kwamba pupu ya wawindaji haiachi ganda, maana inajazwa baruti na risasi kwa mdomo. Basi penye ganda, hapo palipita bunduki ya kisasa zaidi.

La kale sana ni la Albini, bunduki iliyochaguliwa na jeshi la Ubelgiji mwaka wa 1867. Force Publique iliibeba, na mwaka wa 1914 askari wengi walikuwa bado nayo. Mdomo wa ganda lake ni mpana, milimita 11. Urefu ni kama milimita 50. Kitako kiko na ukingo uliotoka nje. Baruti yake nyeusi ilitoa moshi mingi.

Ganda la Mauser ya 1889 ni lingine. Mdomo ni milimita 7,65, urefu karibu 54, na kitako hakipiti mwili: kuna mfereji tu. Tusilichanganye na la FAL, lenye 7,62 na urefu wa 51. Herufi FN kwenye kitako zinaonyesha kiwanda cha Herstal, kilichoanzishwa mwaka huo wa 1889. Tarakimu mbili kando yake, kama 52, mara nyingi ni mwaka.

Lakini angalisho: kama risasi ingali ndani ya ganda, tusiiguse, tusiipige nyundo. Hata ya zamani inaweza kulipuka.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu wakati wa kaucho, kartushi ilihesabiwa kuliko mtu. Ripoti ya Casement ya 1904 ilieleza namna askari walivyodaiwa mkono wa kuume kwa kila risasi iliyotumika. Aliyemaliza risasi kwa kuwinda nyama alikata mkono wa mtu mzima aliye hai, ili hesabu ya mzungu itimie.

Ganda la Albini peke yake halishuhudii uovu ule. Lakini likiandikiwa mahali lilipookotwa, na likawekwa pamoja na masimulizi ya wazee wa kijiji, linakuwa shahidi. Likiyeyushwa, shahidi amekufa.