Namba Mgongoni mwa Lori

Katika barabara ya Usagara, ile itokayo Mwanza, kila siku hupita mizigo ambayo wengi wetu hatuijui. Lori la mafuta twalitambua kwa tangi lake. Lakini kontena lililofungwa, likielekea migodini Geita, laweza kuwa na vipuri, laweza kuwa na saruji, na laweza kuwa na sayanaidi ya kuchenjulia dhahabu. Je, likipinduka usiku na dereva akawa hajitambui, nani atawaambia zimamoto ndani mna nini?

Swali hili ni la zamani, na dunia imejifunza kulijibu kwa gharama kubwa. Asubuhi ya tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City nchini Marekani, moshi ulianza kutoka katika ngama ya meli ya Kifaransa, Grandcamp. Humo mlikuwa na tani zipatazo 2,300 za naitreti ya amonia. Mifuko ilisema ni mbolea, na kweli ilikuwa mbolea. Haikusema kwamba shehena hiyo ikishika moto yaweza kulipuka kama baruti. Watu walimiminika bandarini kutazama. Zimamoto nao walifika na mipira yao ya maji. Saa 3 na dakika 12 meli ikalipuka. Walikufa watu wasiopungua 500, na kati ya wazima moto 28 wa kujitolea wa mji ule, 27 hawakurudi nyumbani.

Mwaka 1956 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa mapendekezo yao ya kwanza kuhusu usafirishaji wa vitu vya hatari. Kutokana na kazi hiyo, leo kila kitu cha hatari kina namba yake ya tarakimu nne, ile ile Dar es Salaam, London na Kampala. Petroli ni 1203. Naitreti ya amonia, 1942. Sayanaidi ya sodiamu, 1689. Katika utaratibu uliotoka Ulaya, namba hiyo huandikwa katika kibao cha rangi ya chungwa, na juu yake huwekwa namba nyingine inayoeleza hatari yenyewe. Tatu ni kimiminika kinachowaka, sita ni sumu, nane ni kitu kinachobabua ngozi na kula chuma. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Ndiyo maana petroli huandikwa 33. Na herufi X ikitangulia, maana yake ni moja: usitie maji!

Kwa sisi wa Mwanza jambo hili lina uzito wake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limechukua nafasi ya kusubiri kivuko, na magari hupita juu ya ghuba ile ile tunamovua samaki. Jiji letu hunywa maji ya ziwa, na mtambo mmoja wa kuyasafisha uko Kapripoint. Maji ni silaha ya kwanza ya zimamoto, lakini yakimwagwa ovyo juu ya sumu, yataibeba hadi ziwani.

Hata hivyo, kibao peke yake hakitoshi. Januari 2009 huko Sachangwan nchini Kenya, Julai 2010 huko Sange mashariki ya Kongo, na tarehe 10 Agosti 2019 hapa kwetu Msamvu, Morogoro, malori ya mafuta yalipinduka na watu wakakusanyika, wengine na ndoo na madumu. Sange walikufa zaidi ya 200. Kwingine, zaidi ya 100 kila mahali. Sipendi kuwalaumu marehemu, kwani shida haina adabu. Wote walijua kwamba ile ni petroli. Ambacho wengi hawakukijua ni kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kimya kimya, na cheche moja iliyo mbali huweza kuuwasha na kuurudisha moto hadi kwenye tangi.

Sheria ya mwaka 2003 ilimpa Mkemia Mkuu wa Serikali usimamizi wa kemikali za viwandani na majumbani. Hilo ni jema. Lakini anayefika kwanza kwenye ajali si mkemia, wala si zimamoto. Ni mwendesha bodaboda, mvuvi, mama lishe na mtoto atokaye shule. Hao ndio wanaopaswa kujua kusimama mbali, upande utokako upepo, kukisoma kibao, kupiga 114 na kuitaja namba waliyoiona.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo hili nawakatalia wahenga. Asiyejua aambiwe, tena aambiwe mapema, shuleni na mialoni, kabla lori halijalala ubavu.