Kuzama, Kudidimia na Kuzamia: Harry Hess na Istilahi za Sakafu ya Bahari

Kipande kimoja cha uso wa dunia kinapoingia chini ya kipande kingine na kushuka hadi kilindini, tendo hilo liitweje kwa Kiswahili? Mtafsiri mmoja aweza kusema kuwa kipande hicho "kinazama". Mwingine atasema "kinadidimia". Wa tatu ataandika "sabdaksheni" na kupita. Wote watatu wana hoja zao. Lakini mwalimu anayefundisha chanzo cha matetemeko ya ardhi, au mtumishi wa serikali anayeandaa tahadhari kwa wakazi wa pwani, hawezi kuyatumia maneno hayo kana kwamba yana maana moja. Katika makala haya tunakusudia kulitazama suala hilo kwa kufuata kazi ya mwanajiolojia mmoja aliyelichunguza jambo lenyewe kabla halijapata jina.

Harry Hammond Hess alizaliwa mjini New York mwaka 1906. Baada ya kupata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1927, alifanya kazi ya kutafuta madini katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Kisha alirejea Marekani, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1932. Mwaka huohuo alisafiri katika nyambizi ya jeshi la Marekani, S-48, pamoja na mtaalamu wa Kiholanzi, Felix Vening Meinesz, kupima nguvu ya mvutano wa dunia katika bahari ya visiwa vya Karibi.

Nyambizi ilihitajika kwa sababu vyombo vya Vening Meinesz vilitegemea uzani unaoning'inia na kubembea, navyo havikuweza kufanya kazi sawasawa juu ya maji yenye mawimbi. Hapo kabla, Mholanzi huyo alikuwa amegundua kwamba karibu na handaki refu la bahari lililo kusini ya Java, nguvu ya mvutano ni hafifu kuliko inavyotazamiwa. Katika Karibi hali ilionekana kuwa hiyohiyo. Wataalamu wakafikiri kwamba gamba la dunia lilikuwa limebanwa kutoka pande mbili, likabonyea na kujikunja kwenda chini. Kunjo hilo likapewa jina la "tektojeni", na Hess alilitumia jina hilo katika maandishi yake ya miaka ya 1930.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila mwundaji wa istilahi. Neno "tektojeni" halikuwa jina la kitu kilichoonekana kwa macho. Lilikuwa jina la dhana, nayo dhana ilikuwa kwamba gamba limejikunja na kubaki palepale. Dhana ilipoachwa, neno nalo likaachwa. Mtafsiri anayelikuta leo katika kitabu cha zamani hana ruhusa ya kuweka badala yake istilahi ya siku hizi, maana atakuwa amemsemesha mwandishi jambo ambalo hakulisema.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimpeleka Hess katika bahari ya Pasifiki, ambako alipewa uongozi wa meli ya kusafirisha askari, Cape Johnson. Meli hiyo ilikuwa na chombo cha kupima kina kwa mwangwi, na Hess alihakikisha kwamba chombo hicho kinafanya kazi hata meli ilipokuwa katikati ya safari zake za vita. Kwa vipimo hivyo, pamoja na ramani za jeshi la maji, alitambua milima ipatayo 160 iliyo chini ya maji, yenye vilele bapa mithili ya meza. Aliiita kwa jina la Arnold Guyot, mwanajiografia mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Princeton katika karne ya 19. Makala yake ya mwaka 1946 yaliielezea milima hiyo kuwa ni visiwa vya kale vilivyozama. Hess alidhani kwamba ilikuwa na umri mkubwa mno. Lakini visukuku vilivyookotwa juu ya baadhi yake na msafara wa mwaka 1950 vilionyesha kuwa ni michanga zaidi kuliko alivyodhani.

Swali likawa: vilele vilivyosawazishwa na mawimbi vilifikaje kilindini? Jibu la Hess lilikamilika katika andiko lake kuhusu historia ya mabonde ya bahari, ambalo liliwafikia wataalamu kama ripoti mwaka 1960, likachapishwa mwaka 1962. Alieleza kwamba sakafu mpya ya bahari huzaliwa kwenye migongo iliyo katikati ya bahari, husafiri polepole pande zote mbili, na mwishowe hushuka kwenye mahandaki na kurudi ndani ya dunia. Milima bapa husafiri pamoja na sakafu hiyo. Hess mwenyewe aliliita andiko lake kuwa ni aina ya ushairi wa jiolojia, akijua kwamba ushahidi ulikuwa haujatosha. Robert Dietz ndiye aliyelipa wazo hilo jina la "kutanuka kwa sakafu ya bahari", mwaka 1961.

Ushahidi haukukawia, na sehemu yake ilitoka katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1963 Fred Vine na Drummond Matthews walitumia vipimo vya usumaku vilivyochukuliwa juu ya Mgongo wa Carlsberg, kaskazini-magharibi ya bahari hiyo, kueleza jinsi sakafu inavyohifuadhi kumbukumbu ya kuzaliwa kwake. Kwa upande wa mahandaki, Kiyoo Wadati wa Japani na Hugo Benioff wa Marekani walikuwa wamekwisha kuonyesha, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba vitovu vya matetemeko hupangika katika mteremko unaoshuka hadi kilomita 700 hivi.

Hess alifariki mwezi wa Agosti 1969. Neno "sabdaksheni" lilikuwa limetumiwa na André Amstutz mwaka 1951 alipokuwa akieleza milima ya Alps, lakini lilienea miongoni mwa wanajiolojia kuanzia mwaka 1970. Kwa hiyo Hess alilieleza tendo lenyewe bila ya kuwa na neno ambalo leo kila mwanafunzi hulijifunza. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kuvuta kwenda chini.

Sasa turejee kwenye Kiswahili. Twaona kwamba kazi ya Hess inahusu matendo matatu mbalimbali. La kwanza ni kuzama, yaani kufunikwa na maji. Ndilo lililovipata visiwa vya kale. La pili ni kudidimia, yaani kushuka polepole. Sakafu ya bahari hupoa kadiri inavyouacha mgongo ilikozaliwa, na kwa kupoa huko hudidimia. La tatu ni lile la kwenye mahandaki, ambapo bamba lenye mwelekeo wake huingia chini ya bamba jingine. Tukilitumia neno "kuzama" kwa yote matatu, mwanafunzi hatajua tofauti ya kisiwa kilichofunikwa na maji na bamba linalorudi ndani ya dunia.

Kwa tendo la tatu twapendekeza "kuzamia". Kauli ya kutendea huonyesha kwamba tendo lina mahali linapoelekea, kama ilivyo kwa mzamia lulu anayeshuka kwa kusudi. Kutokana nalo twapata "uzamiaji", "ukanda wa uzamiaji", "bamba linalozamia" na, kwa lile la juu, "bamba linalozamiwa". Wako watakaosema kwamba neno hilo limekaribiana mno na "kuzama", na kwamba katika miji yetu ya bandari mzamiaji ni mtu anayejificha melini. Pingamizi hizo ni za haki. Hata hivyo, lugha yetu hutofautisha kulala na kulalia, kuingia na kuingilia, wala wasemaji hawababaiki. Na maana ya mtaani haijawahi kuzuia neno kupewa kazi ya kitaalamu. Sasa yaweza kuandikwa kwa sentensi moja: visiwa vilizama kwa kuwa sakafu ilididimia, na hatimaye vitazamia pamoja na bamba lililovibeba.

Suala hili si la vitabuni tu. Tarehe 26 Desemba 2004, katika ukanda wa uzamiaji ulio magharibi ya Sumatra, bamba la juu lililokuwa limenaswa kwa muda mrefu lilifyatuka, likainua maji ya bahari. Mawimbi ya tsunami yalivuka Bahari ya Hindi na kuua watu hata Somalia, Kenya na Tanzania. Pwani yetu haina handaki la namna hiyo, lakini inashirikiana bahari moja na wenye nalo. Msomaji anayeambiwa kwamba huko "ardhi ilizama" atafikiria kitu kinachoshuka taratibu. Hataelewa ni kwa nini maji yaliinuka. Anayeambiwa kwamba bamba moja linazamia na lililozamiwa likafyatuka, ameelezwa chanzo cha hatari yenyewe.

Twawaomba walimu na watafsiri walijaribu pendekezo hili katika kazi zao, na wenye neno lifaalo zaidi walilete lijadiliwe. Lakini kabla ya kuchagua neno lolote, hatuna budi kuuliza kwanza ni tendo gani kati ya yale matatu tunalolisemea.