Death Stranding: Vile Unapanga Njia ya Mzigo Bila Kusota Milimani

Wasee wengi wakianza Death Stranding hufanya kitu moja. Wanachukua mzigo, wanafungua ramani, wanaweka alama pale mwisho halafu wanaenda moja kwa moja kama kunguru. Dakika 20 baadaye mzigo unaelea mtoni, na wao wanaufukuza huku maji yanawabeba pia.

Kama hujawahi icheza, hii ni gemu ya Hideo Kojima. Ilitoka Novemba 8, 2019 kwa PS4, ikafika kwa kompyuta Julai 2020, na toleo la Director's Cut likaingia PS5 Septemba 2021. Wewe ni Sam Porter Bridges, amechezwa na Norman Reedus, yule jamaa wa The Walking Dead. Marekani imeharibika, miji imekatika mawasiliano, na wewe ndio unapeleka mizigo. Yaani wewe ni msee wa mkokoteni, ila mkokoteni hakuna, mgongo ndio unao.

Umbali unadanganya

Msee yeyote wa nduthi Nairobi atakuambia kilomita si kitu, jam ndio inakula saa. Huku jam ni mto, mawe na mwinuko. Kwa hivyo kabla utoke, inamisha ramani uone milima imekaa aje, halafu weka alama kadhaa kufuata bonde, si alama moja tu ya mwisho. Angalia pia utabiri wa hali ya hewa hapo hapo kwa ramani. Mvua ya hii gemu inaitwa Timefall na inazeesha chochote inachogusa, kasha zako zikiwa za kwanza. Na mvua ikinyesha, wale viumbe wanaitwa BT huwa hawako mbali. Kuzunguka wingu kunakula dakika chache. Kupita chini yake na mzigo dhaifu kunaweza kukula kazi yote.

Ukiwa njiani, piga skani na odradek. Samawati ni fiti, pita. Njano inamaanisha utayumba, au kwa maji inakukula nguvu. Nyekundu wachana nayo, utabebwa. Mto mwembamba na wenye kina unalaza ngazi juu yake unapita kama daraja. Ngazi mbili na kamba moja ya kupanda ukizibeba kila safari, utanishukuru.

Mzigo pia ni sehemu ya njia. Ukipanga mnara mrefu mgongoni, mteremko uliokuwa rahisi unakuwa noma, kwa sababu Sam anayumba. Bonyeza ile batani ya kupanga mzigo yenyewe kila ukiongeza kitu, hata kama unaona umepanga poa.

Usirudi mikono mitupu

Hapa ndio watu hupoteza masaa. Wanapeleka oda moja, wanarudi, wanachukua ingine ya upande ule ule. Kabla uondoke, angalia oda zote zinazoelekea huko na ubebe zile zinaweza kushukishwa njiani. Ukifika, chukua za kurudi. Kuna njia ya Fragile kukurusha kutoka kituo kimoja hadi kingine chap chap, lakini mzigo na gari vinabaki nyuma. Hiyo ni ya kuhama, si ya kazi.

Barabara au ziplaini?

Sehemu ya kati ya ramani, kuanzia Lake Knot City, ndiyo kubwa na ndiyo itakuonyesha kama unajua kupanga. Kuna mashine za kutengeneza barabara zinazotaka fuwele za chiral, chuma na seramiki. Zinakula materiali vibaya sana. Lakini ukiwa onlaini, pleya wengine pia wanachangia, na gari likiwa kwa lami halimalizi betri. Materiali ukikosa, kambi za MULE ziko nazo tele. Hao jamaa wanaiba mizigo ya watu, so usiwahurumie. Anza na barabara ya kutoka Lake Knot City kuelekea South Knot City, ndio utaipita kila siku.

Milimani gari ni stori ya jaba. Upande wa Mountain Knot City kuna theluji na miinuko, na hapo ziplaini ndio baba yao. Hesabu iko hivi: ziplaini moja inafika mita 300, ukiipandisha hadi kiwango cha 2 inafika mita 350. Kila moja inakula 500 ya nafasi yako kwa mtandao wa chiral. Njia ya kilomita 3 iliyonyooka inataka nguzo 11, yaani 5,500. Ukizipandisha kiwango, nguzo 10 zinatosha, 5,000. Umeokoa nguzo moja, na kwa milima hiyo moja ndio inakuvukisha bonde la mwisho. Nafasi inaongezeka ukiunganisha watu zaidi kwa mtandao, lakini haiishi hamu.

Kosa kubwa ni kuanza kupanda nguzo kutoka mjini ukielekea mbele bila mpango. Ziplaini zinataka kuonana bila kitu katikati, so anza na vilele. Tafuta kilele kinachoona pande tatu au nne, simamisha hapo, halafu uvute matawi kwenda kwa kila kituo. Kilele kimoja poa kinahudumia njia nne. Na kabla utumie PCC yako, angalia kama kuna ziplaini ya pleya mwingine karibu, unaweza kujiunga nayo bure. Mpe laiki, ni heshima tu. Ila usitegemee za watu kwa nguzo ya katikati, kwa sababu Timefall inazichakaza na usipozikarabati zinaanguka. Yako ukiona imekaa vibaya, ivunje urudishiwe nafasi.

Director's Cut iliongeza pia mzinga wa kurusha mizigo hewani. Inafurahisha mara mbili tatu hivi, halafu unajikuta umerudi kwa ziplaini.