Kubishana Simba na Yanga bila kutukanana: mambo ya kuzingatia

Wadau, ligi ikishika kasi ndio msimu wa watu kununiana. Kijiweni, ofisini, kwenye daladala, mpaka ndani ya nyumba moja ambako baba ni Yanga na mama ni Simba. Wapo marafiki wa miaka mingi walioacha kusalimiana kisa goli la kuotea. Nimepanga hapa mambo machache ya kusaidia ubishi ubaki ubishi, usigeuke ugomvi. Mifano yote ni ya watani wa jadi, maana hiyo kila mtu anaielewa.

1. KUBALIANENI KWANZA MNABISHANIA NINI

Ubishi mwingi hauishi kwa sababu kila mtu anajibu swali lake. Chukua hili: nani alikuwa wa kwanza kufika fainali Afrika? Mtu wa Simba atakutajia 1993, walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, wakatoka 0-0 kule na kufungwa 2-0 hapa Dar. Mtu wa Yanga atasema ni wao, 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho.

Wote wako sahihi! Kombe la CAF lilianza 1992, halafu 2004 likaunganishwa na Kombe la Washindi, ndio likazaliwa Kombe la Shirikisho. Ukiuliza fainali yoyote ya CAF, jibu ni Simba. Ukiuliza fainali ya Shirikisho, jibu ni Yanga, kwani Simba waliifikia 2025 na kufungwa na RS Berkane ya Morocco kwa jumla ya 3-1. Ungeuliza tu "unasema kombe gani?" na makelele yote yasingekuwepo.

Vivyo hivyo kwenye "nani mkubwa?" Kwa umri, Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936. Kwa ubingwa wa ligi, Yanga amechukua mara nyingi zaidi. Kwa kimataifa, Simba atakukumbusha nusu fainali ya klabu bingwa Afrika 1974, na Zamalek aliyevuliwa ubingwa kwa penati 2003. Chagueni kipimo kwanza, ndio mpime.

2. USICHAMBUE KAMA MCHELE

Simba wanaikumbuka 6-0 ya 1977 na 5-0 ya Mei 2012. Yanga wanaikumbuka 5-0 ya 1968 na 5-1 ya Novemba 2023. Ukitaja za kwako tu ukaruka za mwenzako, hapo hujajenga hoja, umechagua punje nzuri ukaacha chuya. Na mechi moja, hata iwe na magoli mangapi, inaonyesha nani alikuwa bora siku ile, basi. Ukitaka kusema timu fulani ni bora kwa sasa, leta msimu mzima.

Pia jambo kufuatana na jingine sio kusababishwa nalo. Timu ikiingia uwanjani kwa mlango usio rasmi halafu ikashinda, haina maana mlango ndio uliofunga goli. Kamati ya ufundi ingekuwa inafanya kazi kila siku, mechi za watani zote zingeisha sare, maana kamati ziko pande zote mbili!

3. TENGANISHA UNACHOKIJUA NA UNACHOKIHISI

Aprili 2024 pale Pretoria, shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba, mpira ukadunda chini, refa hakutoa goli. Mechi ikaisha 0-0 kama ya Dar, Mamelodi wakapita kwa penati 3-2. Hayo ndiyo tunayoyajua.

Ukisema "kwa macho yangu mpira ulivuka mstari", hayo ni maoni, na tunaweza kuangalia picha tukabishana. Lakini ukisema "refa kala hela", hilo ni jambo jingine kabisa, linataka ushahidi wake. Refa anaweza kukosea bila kuhongwa, kama kipa anavyoweza kufungwa goli la kizembe bila kuuza mechi. Unamwita mtu mwizi, wakati ana familia na jina lake.

4. JIBU HOJA, MUACHE MTU

"Wewe umeanza kushabikia juzi." "We mwanamke, mpira unaujulia wapi?" Haya sio majibu. Aliyeanza juzi anajua kuhesabu magoli, na dada anayejua sheria ya kuotea anaijua tu.

Na ile ya "mbona na nyie?" ndio ugonjwa wetu mkubwa. Mtu anauliza kwa nini Yanga hawakuchukua kombe 2023. Jibu lipo: walifungwa na USM Alger 2-1 Dar, wakashinda 1-0 kule Algiers, jumla ikawa 2-2, wakapoteza kwa goli la ugenini. Kumjibu "mbona na nyie mlifungwa tano" ni kuhamisha mada. Jibu kwanza ulichoulizwa, halafu uliza na lako.

5. UTANI UNA MIPAKA YAKE

Tunajiita watani, lakini wengi tumesahau utani ni nini. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana hadi msibani, maneno makali kabisa, na hakuna anayekasirika. Ila mtani huyo huyo ndiye anayekuja kusaidia kwenye shughuli. Bila ile heshima chini yake, yanabaki matusi matupu.

Kwa hiyo "makolo" na "utopolo" poa tu, kama wote mnacheka. Mama wa mtu, kabila, dini, ulemavu na misiba visiguswe. Na mwenzako akiacha kucheka, na wewe acha. Kesho yeye ndiye utakayemuomba akusaidie kumpeleka mtoto hospitali.

6. JUA PA KUISHIA

Kusema "hapo umenishika" hakukuhamishi timu. Unabaki Yanga wako au Simba wako, na siku nyingine mwenzako atakusikiliza kwa sababu anajua wewe hubishi hata jua likiwa utosini. Mkirudia hoja ile ile mara ya tatu, badilisheni mada au agizeni kahawa.

KWA KIFUPI, kabla hujajibu jiulize: tunaongelea kitu kimoja? Nina mwaka na matokeo? Najua au nahisi? Namjibu yeye au hoja yake?

Mwenye la kuongeza anakaribishwa, ila kwa hoja. Naomba kuwasilisha.