Graviti ya kikwanta

Vitabu vya fizikia huiita "kani ya mvutano" ile nguvu inayoangusha jiwe na kuuzungusha Mwezi. Jina hilo linamfaa Newton: maada huvuta maada, na kiambishi "-an-" katika "vutana" kinasema wazi kuwa kila mmoja humvuta mwenzake. Tatizo huanza kwa Einstein, na huzidi tunapofika kwenye nadharia za kwanta.

Mlinganyo wa Einstein wa mwaka 1915 una pande mbili. Kushoto ni mpindo wa nafasi na wakati. Kulia ni maada na nishati. Kani haimo tena: maada hupinda nafasi na wakati, na vitu hufuata mpindo huo. Tena mawimbi ya graviti, yaani ya mpindo huo, hupita hata katika ombwe, pasipo maada. Hapo nani anamvuta nani? Einstein mwenyewe, mwaka 1936, aliufananisha upande wa kushoto na marumaru safi, na wa kulia na mbao hafifu.

Mbao hizo ndizo zilizobadilika. Maada sasa huelezwa kwa kwanta, yaani nishati hutolewa na kupokelewa kwa mafungu, ilhali marumaru imebaki vilevile. Kuipa graviti nayo sura ya kwanta si kazi nyepesi. Mwaka 1974 wanafizikia 't Hooft na Veltman walionyesha kuwa, katika masahihisho ya kikwanta ya hatua ya kwanza, graviti ikiwa peke yake hesabu zinakubali. Ukiingiza maada, majibu yanakwenda bila kikomo. Miaka ya 1980 wenzao Goroff na Sagnotti waligundua kwamba katika hatua ya pili hata graviti peke yake inakwama.

Nadharia za kulitatua tatizo hilo zimegawanyika. Ile ya nyuzi husema maada na graviti ni mitetemo ya kitu kimoja. Gravitoni, yaani chembe ya graviti, hutokana na uzi uliofungwa duara. Ile ya vitanzi huigawa nafasi yenyewe katika vipande vya kiasi cha mita 10⁻³⁵, kisha maada huongezwa juu yake.

Katika zote mbili graviti si tendo la maada mbili kuvutana. Kwa hiyo "mvutano wa kikwanta" ungempotosha msomaji tangu jina. "Kani ya mvutano" tumwachie Newton, ambaye kwake inafanya kazi barabara. Nadharia hizi tuziite za graviti ya kikwanta.