Aliyefungua Mlango

Mwaka 1984, nikiwa kidato cha pili, likizo zangu zote nilizimalizia nyuma ya nyumba moja ya Oysterbay, Dar es Salaam, ambako mama yangu alifanya kazi. Kwa jina la kazi alikuwa yaya, lakini alikuwa pia mfuaji, mpiga pasi na mpokea wageni, yaani mtu wa kufungua mlango. Wenye nyumba walikuwa Wamarekani. Sisi wa Bara wakati huo hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, ya rangi tena, nasi tuliingoja mpaka mwaka 1994. Nyumba ile lakini ilikuwa na televisheni na deki ya video, na katikati ya vyombo hivyo na ukuta palikaa transfoma nzito iliyovuma kama mzinga wa nyuki, kwa kuwa vyombo vilitoka kwao na umeme wa kwao ni nusu ya wetu. Ndugu zao waliwarekodia vipindi vya vichekesho na kuwatumia kwa sanduku la meli.

Mama alipiga pasi katika chumba cha watoto, na watoto walitazama kanda. Kiingereza changu cha shule hakikutosha kufuata maneno ya haraka kama yale, lakini watoto wa nyumba, waliojifunza Kiswahili mgongoni kwa mama, walinisaidia, nami nikamfasiria mama. Siku moja ilikuwa zamu ya kipindi kiitwacho Maude. Maude ni mama wa Kizungu mwenye sauti nzito na maoni juu ya kila jambo, na nyumbani kwake kuna mfanyakazi mweusi aitwaye Florida. Mama alitazama kidogo, akasimamisha pasi juu ya kisahani chake, akauliza:

“Baba, huyu mama akitoka hapo anakwenda wapi?”

Nikamjibu kwamba anakwenda jikoni.

“Jikoni nimemwona. Nauliza kwake.”

Sikuwa na jibu. Nimekuja kusoma habari za vipindi hivyo miaka mingi baadaye, nikagundua kwamba swali la mama lilikuwa limekwisha kuulizwa na Wamarekani wenyewe miaka kumi kabla, na kwamba televisheni yao ilijenga biashara nzima juu yake. Mhusika mdogo huingia katika kipindi cha wenzake, watazamaji wakampenda, kisha wenye televisheni wakamtoa wakampa kipindi chake. Wamarekani wana neno lao la jambo hilo. Mimi nitaliita chipukizi, kwa kuwa ndivyo mgomba unavyofanya.

Mgomba wenyewe katika habari hii ni All in the Family, kipindi kilichoanza Januari 1971 katika shirika la CBS. Mtayarishaji wake, Norman Lear, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 101, alichukua wazo kutoka kipindi cha BBC cha Uingereza kilichohusu mzee mmoja wa tabaka la wafanyakazi, mwenye chuki na watu wa kila rangi isiyo yake. Kwa Lear mzee huyo akawa Archie Bunker wa mtaa wa Queens, New York. Binamu wa mkewe alikuja kuwauguza, akagombana na Archie, na mwaka 1972 akapata kipindi chake: ndiye Maude. Majirani weusi wa Archie, akina Jefferson, wakahamia ghorofani Manhattan mwaka 1975 na kukaa huko misimu kumi na mmoja. Na mjukuu wa mgomba huo, aliyechipuka kwa Maude mwezi Februari 1974, ni kipindi cha Florida, Good Times.

Yako machipukizi mengine ambayo sina haja ya kukaa nayo. Daktari Frasier aliletwa katika Cheers mwaka 1984 awe mpenzi wa mpito tu, akaishia kuwa na kipindi chake kwa miaka kumi na mmoja, 1993 hadi 2004. Lakini Frasier ni tabibu wa akili na mtu wa mvinyo. Mtu kama yeye akiondoka mahali, hakuna anayeshangaa kusikia ana nyumba. Wanaonishughulisha mimi ni watumishi.

Florida aliigizwa na Esther Rolle, mzaliwa wa Pompano Beach katika jimbo la Florida, mwaka 1920, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka visiwa vya Bahama. Kuingia kwake kwa Maude kulikuwa na mzaha mmoja ambao mama aliupenda kuliko yote. Maude, kwa kupenda usawa, alimshurutisha mfanyakazi wake apite mlango wa mbele na aketi na familia kama ndugu. Florida nusura aache kazi. Alikuja kufanya kazi apate ujira arudi kwake, wala hakuja kuisafisha dhamiri ya mtu. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alipofika pale Oysterbay aliombwa hivyo hivyo, ale mezani pamoja nao, na kwa wiki nzima alishinda na njaa, kwa kuwa haiwezekani kula vizuri huku unatazamwa kwa upendo namna ile.

Wakubwa wa televisheni walipoamua kumpa Florida kipindi, mpango wa kwanza ulikuwa awe mama peke yake na watoto watatu. Esther Rolle akakataa. Alisema hataigiza familia ya watu weusi isiyo na baba, kwa kuwa picha hiyo imekwisha kuonyeshwa mno. Wakakubali, na mume akapewa John Amos, ambaye msomaji atamkumbuka kwa Kunta Kinte mzee katika Roots ya mwaka 1977, au kwa mwenye mkahawa katika ile filamu ya Eddie Murphy ya mwaka 1988 iliyozunguka sana katika mabanda yetu ya video. Kwa Maude mume wa Florida aliitwa Henry, mzimamoto wa New York. Walipohamishiwa Chicago katika Good Times, mume ni yule yule kwa sura, ila sasa anaitwa James na hana kazi ya kudumu. Hakuna aliyeeleza. Mama hakushangaa hata kidogo. Alisema watumishi hubadilishwa majina kila siku.

Basi Florida akapata kwake. Palikuwa ghorofa ya makazi ya serikali, lifti mbovu, kodi ya nyumba ikisumbua kila mwezi, lakini pana mume, wavulana wawili, binti, na jirani aitwaye Willona anayeingia bila kubisha. (Aliyeigiza Willona, Ja'Net DuBois, ndiye pia aliyeimba wimbo wa kufungulia kipindi cha akina Jefferson.) Waliokibuni, Eric Monte na Mike Evans, walikuwa weusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Palizungumzwa shinikizo la damu, kufukuzwa nyumba, kukosa kazi, na watu wakacheka.

Kisha nyumba ikachukuliwa. Mtoto mkubwa, J.J., aliyeigizwa na mchekeshaji Jimmie Walker, alikuwa na neno lake moja la kujisifu ambalo alilipiga kama fataki, na watazamaji wakalipenda. Kila wiki neno likarudi, kofia ikazidi ukubwa, na mambo ya baba na mama yakapungua. Esther Rolle alilalamika hadharani katika jarida la Ebony mwaka 1975 kwamba kijana huyo amefanywa mfano mbaya, hana kazi wala elimu. John Amos alibishana na waandishi kwa nguvu zaidi, na mwaka 1976 akaondolewa. Rolle mwenyewe akaondoka mwaka 1977. Florida akaozwa mume mwingine na kupelekwa Arizona. Mwaka 1978 alirudi, baada ya kuahidiwa kwamba J.J. atatengenezwa, na yule mume mpya hakusikika tena. Mwaka 1979 kipindi kikafa.

Nimewaza sana juu ya hilo. Simlaumu Jimmie Walker, kwa kuwa aliitwa kuchekesha naye akachekesha. Lakini ona jinsi mambo yalivyokwenda. Kwa Maude, Florida alikuwa mtu mmoja mwenye maneno machache, na kila neno lake lilimpiga mwenye nyumba. Nguvu yake ilitoka pale aliposimama, baina ya jikoni na sebule. Alipopewa sebule yake mwenyewe hapakuwa tena na mkubwa wa kumjibu, na waandishi wakatafuta pa kuangushia kicheko, wakamwona mtoto. Walimpa nyumba pasipo kujua mtumishi hufanya nini akiwa kwake.

Mtumishi mwingine alikwenda mbali zaidi. Benson alianza kama mpishi na mhudumu katika Soap, mwaka 1977, akiigizwa na Robert Guillaume, mtu mwenye sauti kavu na macho yasiyomwogopa mtu. Mwaka 1979 akapata chipukizi lake, akaenda kuangalia nyumba ya gavana. Kuanzia hapo alipanda ngazi msimu kwa msimu: akawa mkurugenzi wa bajeti wa jimbo, kisha naibu gavana, na mwisho akagombea ugavana dhidi ya bosi wake mwenyewe. Katika onyesho la mwisho, mwaka 1986, wawili hao wameketi pamoja wakitazama matokeo ya kura, na picha inasimama kabla ya mshindi kutangazwa. Mtumishi wa watu kufika hapo ni jambo la kutamaniwa, na kwa kweli nililipenda. Ila nataka kukiri kwamba Benson hakupewa nyumba. Alipewa cheo katika nyumba ya mtu. (Guillaume ndiye baadaye aliyempa sauti nyani mzee katika The Lion King ya mwaka 1994, yule aliyepewa jina la Kiswahili, Rafiki.)

Wa tatu ni Florence wa akina Jefferson, na huyu kisa chake ni kifupi. Marla Gibbs aliyemwigiza alipata nafasi ya kusema maneno machache katika onyesho la kwanza. Anakuja kuomba kazi, anamkuta mama mweusi mwenye ghorofa, na jirani yake mweusi pia ana ghorofa, akauliza ushindi huu umepatikana lini na mbona yeye hakuarifiwa. Kwa swali hilo akapata kazi ya miaka kumi. Wakati huo Marla Gibbs alikuwa mwajiriwa wa shirika la ndege, na kwa misimu miwili ya kwanza hakuthubutu kuiacha kazi hiyo. Mtu aliyewahi kula mshahara mdogo ataelewa. Mwaka 1981 wakampa Florence kipindi chake, awe msimamizi wa usafi katika hoteli kubwa. Yalionyeshwa maonyesho manne tu. Florence akarudi kwa akina Jefferson na habari kwamba hoteli imeungua, akafunga aproni yake. Hakuna aliyesema kwa nini hakupelekwa kwake, akatolewa jikoni kwa mtu kupelekwa kwenye vitanda vya watu.

Nirudi Oysterbay. Katika zile kanda palikuwa na maonyesho mawili ya mwanzo wa msimu wa mwaka 1976, yaliyotengenezwa baada ya John Amos kuondolewa. James amepata kazi Mississippi. Familia inafungasha, majirani wamekuja kuaga, kuna vyakula na vicheko, na katikati yake inaletwa telegramu. Watu wanadhani ni pongezi. Florida anaisoma: mumewe amekufa katika ajali ya gari.

Mama alizima pasi. Nilitaka kumfasiria, akanionyesha kiganja, ninyamaze.

Sharti nieleze. Baba yangu alifariki mwaka 1977, Morogoro, kwa ajali ya lori. Telegramu ililetwa pale pale Oysterbay, kwa familia nyingine iliyokaa kabla ya hawa Wamarekani, kwa kuwa ndiyo anwani pekee aliyokuwa nayo mama. Ililetwa saa nne asubuhi, na siku hiyo palikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Mama mwenye nyumba alimpa pole, akamwuliza kama anaweza kumaliza kwanza kuandaa meza. Akaandaa. Aliosha vyombo, akavifuta, akavihesabu, akaondoka saa kumi na nusu kwa basi. Nilikuwa na umri wa miaka saba na nilimwona akiingia uani kwetu Magomeni akitembea kama siku zote. Alilia alipofika mlangoni.

Katika onyesho la pili mazishi yamekwisha na waombolezaji wamejaa nyumbani kwa Florida. Yeye anatabasamu, anagawa chakula, anazoa sahani. Watoto wake wanaona ajabu kwamba halii. Wageni wakaondoka. Akabaki peke yake na bakuli kubwa la kioo mikononi, na ghafla akalipasua sakafuni na kupiga kelele.

Watoto wa nyumba walikuwa wakitazama mama kuliko televisheni. Yeye alibaki amesimama, shati la mwenye nyumba mkononi, mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupita.

“Lile bakuli,” akaniuliza, “lilikuwa lake mwenyewe?”

Nikasema ndiyo, mama, pale ni kwake.

Akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhishwa na hesabu, akawasha pasi, akangoja ipate moto.